Mungu Simwoni, Nimtegemeeje? Maswali ya Wasomaji

Barua za miezi hii miwili zimeelekea upande mmoja. Wanafunzi, wazazi, wagonjwa na wafiwa wanauliza, kila mtu kwa namna yake, jinsi ya kumtegemea Mungu ambaye macho hayamwoni na, mara nyingine, moyo haumhisi. Tumechagua sita. Aya tulizonukuu ni za Swahili Union Version, Biblia ambayo wengi wenu mnayo nyumbani.

*Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Mwenzangu wa chumbani haamini kabisa. Aliniuliza nawezaje kumwamini Mungu nisiyemwona, nikamjibu kwamba hata upepo na umeme havionekani lakini vipo. Akacheka, akasema upepo unapimwa. Nikakosa la kusema. Nilikosea wapi? – Msomaji, Morogoro*

Kujibu hukukosea, mfano ndio mbovu, na hapo mwenzako ana haki. Upepo una kipimo chake na umeme una mita ukutani. Ukimfananisha Mungu na upepo, unamfanya awe kitu kimojawapo kati ya vitu, kitu kilichojificha tu, ambacho siku moja chombo bora kitakinasa. Kanisa halijafundisha hivyo. Linafundisha kwamba Mungu ndiye aliyeviumba vyote, vinavyopimika na visivyopimika, na fundi seremala hapatikani kwa kupekua ndani ya kabati alilolitengeneza. (Ni kweli Yesu anautaja upepo katika Yohana 3:8, lakini pale anamweleza Nikodemo jinsi Roho anavyotenda kazi. Hatoi ushahidi kwa mtu asiyeamini.)

Anzia kwenye neno lenyewe. Imani ina ndugu zake katika Kiswahili: amini, uaminifu, amana, hata ile "amina" ya mwisho wa sala. Shina lao ni moja, na ni lile lile lililomo katika Kiebrania cha Agano la Kale. Unapomwachia mtu amana hupasui kifua chake uone moyo ukoje. Unaangalia neno lake na mwenendo wake. Na mengi ya maana maishani tunayajua kwa njia hiyo. Siku uliyozaliwa hukuishuhudia wewe. Unaijua kwa neno la mama yako na kwa cheti kilichoandikwa kwa ushuhuda wa waliokuwepo. Kwa hiyo swali lenye akili si "umeona?" tu. Ni "shahidi ni nani, alipata faida gani kwa kusema hivyo, na nani mwingine anasema kama yeye?"

Yohana 1:18 inakiri bila kuficha: "Hakuna mtu aliyemwona Mungu wakati wo wote", kisha inasema kwamba Mwana ndiye aliyemfunua. Hoja yote ya Ukristo, basi, inamwangukia mtu mmoja aliyeonekana, Yesu wa Nazareti. Msomee mwenzako 1 Wakorintho 15:3-8. Barua hiyo iliandikwa katikati ya miaka ya 50 baada ya Kristo, wakati waliomjua Yesu walikuwa bado wanaishi. Paulo anawataja mashahidi: Kefa (yaani Petro), wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja ambao wengi wao walikuwa hai alipoandika, Yakobo, mitume wote, na mwisho yeye mwenyewe, aliyekuwa mtesi wa kanisa. Ni kama kusema: nendeni mkawaulize. Nje ya Biblia, mwandishi wa Kirumi Tacitus, ambaye hakuwapenda Wakristo hata kidogo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba Kristo aliuawa kwa amri ya Pontio Pilato wakati wa Kaisari Tiberio. Usimsingizie Tacitus kwamba alithibitisha ufufuo. Anachothibitisha ni kwamba huyu tunayemzungumzia aliishi na aliuawa katika nchi na wakati unaojulikana.

Mkikaa kuzungumza, usimmwagie hoja tano kwa mpigo. Muulize kwanza ni Mungu wa namna gani huyo asiyemwamini, kwa kuwa mara nyingi anaeleza mungu ambaye hata wewe humwamini. Kisha mwalike msome Injili ya Marko, sura moja kwa siku. Zipo 16, kwa hiyo wiki mbili na siku mbili zinatosha. Akiuliza usilolijua, sema hulijui na ukatafute. Wala usimtupie Tomaso kama tusi. Tomaso aliomba kuona majeraha na Bwana akamwonyesha, asimfukuze, ndipo akasema wana heri wale wasioona wakasadiki. Sisi sote wa leo tumo katika sentensi hiyo ya mwisho.

*Tumsifu Yesu Kristo. Tangu mwaka jana nikisali nahisi kama naongea na ukuta. Zamani nilikuwa natokwa na machozi ya furaha kwenye ibada, siku hizi hakuna kitu. Rafiki yangu anasema nina dhambi niliyoificha. Nimejichunguza mpaka nimechoka. – Mama wa watatu, Dodoma*

Milele amina, mama. Tua kwanza huo mzigo wa rafiki yako. Dhambi inaweza kumkausha mtu, hilo tunalijua, lakini dhambi ya namna hiyo kwa kawaida mwenyewe unaijua na una jina lake. Kama ipo, iungame, rekebisha kinachorekebishika, basi. Kama mwaka mzima wa kuchimba haujatoa kitu, acha kuchimba. Wanafunzi walipomwona kipofu walimwuliza Yesu nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake (Yohana 9:3).

Sasa uangalie mwili, kwa sababu wengi huuruka. Soma 1 Wafalme 19. Eliya amekimbia, ameketi chini ya mretemu, anaomba afe. Mungu hakumtumia mhubiri. Alimtumia malaika mwenye mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa, akala mara ya pili. Ndipo akatembea siku 40 hadi Horebu, na ni huko alikoisikia ile "sauti ndogo, ya utulivu", baada ya upepo, tetemeko na moto kupita bila Bwana kuwamo. Mama anayeamka saa kumi alfajiri na kulala saa sita usiku anaweza kudhani Mungu amenyamaza, kumbe ni usingizi unaodai deni lake. Hamisha sala iende saa ambayo macho yako yako wazi, hata kama ni saa nne asubuhi baada ya watoto kwenda shule.

Jiulize pia kama ni sala peke yake iliyokauka. Ukavu wa sala hugusa sala. Sonona hugusa kila kitu: chakula hakina ladha, usingizi umekatika au umezidi, watoto wanakuchosha kwa kuwapo tu, kazi uliyoipenda huijali. Hali hiyo ikikaa zaidi ya wiki mbili karibu kila siku, nenda kituo cha afya ukaieleze hivyo hivyo. Ni ugonjwa na una tiba. Na kama kuna wazo lolote la kujidhuru, usisubiri kesho, mwambie mtu leo na mwende pamoja hospitali.

Kama mwili uko sawa na sonona haipo, basi umeingia mahali ambapo waamini wengi wamepita. Mtakatifu Yohane wa Msalaba, Mhispania wa karne ya 16, alipaita usiku wa giza. Mtakatifu Inyasi wa Loyola (1491–1556) alipaita "ukiwa", yaani hali ya moyo kukosa faraja, akataja sababu tatu: huenda tumezembea, huenda tunapimwa kama tutamtumikia Mungu hata pasipo faraja, au tunafundishwa kwamba faraja ni zawadi, hatuwezi kuizalisha wenyewe. Akaweka kanuni ambayo tungependa uiandike ukutani: wakati wa ukiwa usibadilishe uamuzi ulioufanya wakati wa faraja. Usiache jumuiya sasa. Usitoke kwaya sasa. Usihame kanisa sasa. Kama kuna la kubadilisha, litangoja hadi moyo utulie. Barua za Mama Teresa wa Kalkuta zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa karibu miaka 50 hakuhisi uwepo wa Mungu isipokuwa kwa kipindi kifupi, na katika miaka hiyo hiyo ndipo alipowaokota waliokuwa wakifa barabarani.

Fanya hivi kwa wiki nne. Tenga dakika 15, saa ile ile, mahali pale pale. Dakika mbili za mwanzo kaa kimya, sema tu "Bwana, nipo." Usijilazimishe kuhisi chochote. Dakika tatu zinazofuata soma Zaburi ya 13 kwa sauti, mdomo uutangulie moyo. Ina mistari sita tu. Mistari ya 1 na 2 ni malalamiko, na "hata lini" imo mara nne. Ya 3 na 4 ni ombi. Ya 5 na 6 ni tumaini. Kisha, kwa dakika saba, andika zaburi yako kwenye daftari kwa mpangilio huo, sentensi moja kwa kila sehemu. Mfano: "Hata lini, Bwana, nitakuita usiitike? Nipe leo uvumilivu kwa watoto wangu. Ulinivusha nilipojifungua yule wa mwisho, nami nitakutegemea." Angalia sentensi ya tatu: inataja jambo ambalo Mungu amelitenda au neno alilolisema, wala haitaji hisia. Ukiandika "najisikia amani" wakati huisikii, umejidanganya, na kesho daftari litakuchukiza. Dakika tatu za mwisho ni Baba Yetu, polepole, ukipumua kila baada ya kifungu.

Wengi hukwama kwenye malalamiko. Tumezoeshwa kwamba kumlalamikia Mungu ni upungufu wa imani, basi tunarukia shukrani, na sala inakuwa kama salamu za msibani zinazosemwa kwa desturi tu. Lakini zaburi za malalamiko ndizo kundi kubwa kuliko yote katika zile 150. Zaburi ya 88 haina hata mstari wa faraja mwishoni, inaishia gizani, na bado Israeli waliitunza na kuiimba. Bwana wetu mwenyewe msalabani alisema maneno ya Zaburi 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Kwa hiyo siku ambayo sentensi ya tatu haiji, acha mbili. Inatosha.

Dakika 15 zikiisha, simama, hata kama siku hiyo umenogewa. Na zikiwa kavu, usizikate. Sala inayopimwa kwa hisia hurefuka siku njema na hupotea siku mbaya, ndiyo maana tunaipa mipaka. Usijaribu kuvunja ukavu kwa mikesha mfululizo, utaongeza uchovu juu ya ukavu. Mwisho wa wiki ya nne hesabu siku ulizokuwepo, usihesabu siku ulizohisi. Siku 20 kati ya 28 kwa mama mwenye watoto watatu ni kazi nzuri.

*Kaka yangu ana kisukari na anajichoma insulini. Nabii mmoja amemwambia kutumia dawa ni kutomwamini Mungu, afunge siku saba bila chakula wala maji. Anataka kuanza Jumatatu. – Msomaji, Mombasa*

Mzuie. Mtu anayeitegemea insulini akiiacha anaweza kufa ndani ya siku chache. Akiendelea kujichoma huku hali, sukari itashuka: atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa, atazimia. Njia zote mbili zinaelekea kaburini. Ni vivyo hivyo kwa anayeambiwa aache dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI: virusi huanza kuzaliana tena ndani ya wiki chache, na akizoea kuacha na kurudia, virusi hujenga usugu dhidi ya dawa zenyewe.

Mwonyeshe kaka yako Isaya 38. Hezekia aliomba akilia, Mungu akamwahidi miaka 15 zaidi, na katika mstari wa 21 nabii Isaya anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Ahadi na dawa katika sura moja, kutoka kinywa cha nabii mmoja. Luka aliyeandika Injili anaitwa tabibu mpendwa. Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Hakuna aliyeambiwa hana imani. Aliyesema "jitupe chini, malaika watakudaka" alikuwa Ibilisi, naye alinukuu Maandiko, na jibu la Yesu lilikuwa: "Usimjaribu Bwana Mungu wako" (Mathayo 4:7).

Anayesadiki ameponywa na aende akapimwe. Yesu alipowaponya wakoma kumi aliwaambia wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya Musa ndio waliokagua ugonjwa na kutangaza aliyetakasika (Luka 17:14). Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo. Daktari ndiye wa kupunguza dozi.

Akitaka kufunga kwa sababu anampenda Mungu, afunge vitu vingine: simu, televisheni, soga za jioni, au asamehe deni analomdai mtu. Chakula kwake ni sehemu ya dozi. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mwenye vidonda vya tumbo na anayetumia dawa za kila siku wasifunge chakula bila kuongea na mtabibu, na hakuna yeyote wa kufunga maji kwa siku saba. Kabla ya Jumatatu mpeleke kliniki, mwende pamoja. Na kama huko kwa nabii kuna watu wanaozuiwa kula au kwenda hospitali, toeni taarifa polisi. Nyinyi wa Pwani mnakumbuka vizuri kuliko sisi: mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wao watoto na wazazi walioambiwa wafunge hadi wamwone Yesu.

*Kaka mmoja wa kwaya ameniambia Mungu amemwonyesha kwamba mimi ni mke wake. Mimi sijaonyeshwa lolote na simpendi kwa namna hiyo. Naogopa nikikataa nitakuwa nimempinga Mungu. – Dada, Nakuru*

Dada, hukumpinga Mungu. Ndoa ya Kikristo haifungwi bila ridhaa ya wawili, inayotamkwa kwa sauti mbele ya mashahidi, na ufunuo wa mmoja haujazi nafasi ya ridhaa ya mwingine.

Paulo ametupa kanuni mbili katika pumzi moja: "msitweze unabii, jaribuni mambo yote" (1 Wathesalonike 5:20-21). Kujaribu si dharau, ni amri. Anayesema ameonyeshwa, mwombe aandike maneno hasa aliyoyasikia au picha hasa aliyoiona, na tarehe. Mara nyingi hapo inabainika kwamba alikuona katika ndoto umevaa nguo nyeupe, na "mke wangu" ni tafsiri aliyoiongeza mwenyewe. Kisha tazama nani anafaidika na ujumbe huo. Ujumbe unaompa mleta ujumbe kile alichokuwa anakitamani tangu zamani unahitaji mashahidi wa ziada, watu wawili wazima katika imani wasio na faida yoyote katika jambo hilo. Kumbukumbu la Torati 18:22 inasema neno lisilotimia Bwana hakulinena, na sura ya 13 inaongeza jambo zito zaidi: hata ishara ikitimia, kama inakupeleka mbali na Mungu, usiifuate.

Kipimo tunachokipenda zaidi ni Yakobo 3:17. Hekima itokayo juu ni safi, ya amani, ya upole, "tayari kusikiliza maneno ya watu". Neno lisilokubali kuulizwa, linalokuja na vitisho vya laana, limeshaanguka kwenye mtihani huu. Mwambie hivi, ukipenda mbele ya kiongozi wa kwaya: "Kaka, nimekusikia. Mimi sijaonyeshwa, na jibu langu ni hapana. Naomba tusilirudie." Akilirudia, mfikishie mchungaji siku hiyo hiyo.

*Mwanangu wa miaka mitano anauliza Mungu yuko wapi na mbona hamwoni. Sebuleni tuna picha ya Yesu, naye anasema "Mungu ni yule". Nimjibu nini? – Baba, Goma*

Mjibu kwa sentensi fupi na za kweli: "Mungu hana mwili kama wetu, ndiyo maana macho hayamwoni. Yesu alikuja akiwa na mwili, watu wakamwona. Aliyechora picha hii hakumwona Yesu, alimwazia." Halafu mtafutie picha nyingine mbili tatu, ya Kiethiopia, ya Kichina, ya wachoraji wetu, asije akakua akidhani Bwana alikuwa Mzungu. Alikuwa Myahudi wa Galilaya.

Kuhusu picha yenyewe Wakristo hatuna desturi moja. Yohane wa Dameski katika karne ya 8 alitetea kwamba Mungu asiyeonekana hachoreki, lakini Neno alipofanyika mwili alionekana, basi anachoreka. Mtaguso wa pili wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, uliafiki, ukatofautisha heshima ya picha na ibada iliyo ya Mungu peke yake. Wengi katika makanisa ya Kiprotestanti wanabaki na tahadhari ya Kutoka 20:4, inayokataza kujifanyia sanamu. Fuata mafundisho ya kanisa lako, ila mtoto ajue kwamba hatusali kwa karatasi.

Kimoja tunakusihi usikifanye: usimtumie Mungu kama askari wa nyumbani, "Mungu anakuona, atakuchapa". Mtoto huyo akikua atakuwa amefundishwa kumkimbia asiyemwona. Jioni mpe maneno matatu: asante kwa jambo moja, samahani kwa jambo moja, tafadhali kwa jambo moja. Dakika mbili tu. Na akiombea mbuzi apone na mbuzi akafa, usimwambie hakuomba vizuri. Mwambie umehuzunika pamoja naye, na mumweleze Mungu kwamba mmehuzunika.

*Mimi ni mzee wa kanisa kwa miaka 19. Mke wangu amefariki miezi minne iliyopita. Jumapili tukisimama kukiri imani, maneno yananikwama, na nikiyatamka naona nasema uongo mbele ya watu. Nijiuzulu? – Mzee, Bukoba*

Shikamoo, mzee wetu. Pole sana kwa msiba. Usijiuzulu sasa. Mwombe mchungaji akupumzishe kuongoza ibada kwa miezi mitatu, na umweleze sababu kwa maneno haya haya uliyotuandikia. Kupumzika kunaachia mlango wa kurudi.

Uongo ni kusema unachojua si kweli ili umdanganye mtu. Wewe unatamka unachotamani kukishika na mkono unatetemeka. Yule baba wa Marko 9:24 alisema yote mawili kwa sauti moja, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na mwanawe aliponywa.

Ungamo la Nikea lilipoandikwa mwaka 325 lilianza kwa "Tunaamini", si "Naamini". Maaskofu walisema kwa wingi. Na liko neno la Kiebrania, emuna, linalotafsiriwa uaminifu au imani. Katika Kutoka 17:12 limetumika kwa mikono ya Musa. Amaleki wanapigana na Israeli bondeni, Musa yuko kilimani, mikono yake imechoka. Wakamwekea jiwe akaketi, Haruni na Huri wakaishikilia, mmoja upande huu na mmoja upande huu, nayo "ikathibitika hata jua lilipokuchwa". Kuthibitika kule ndiko emuna, na mikono ilithibitika kwa sababu wengine wawili waliishika. Tomaso naye, wiki ile aliyokataa kuamini, bado alikuwa chumbani pamoja na wenzake baada ya siku nane (Yohana 20:26). Hawakumtoa, wala yeye hakuondoka.

Kwa hiyo Jumapili usikae nyumbani, wala usikae nyuma karibu na mlango. Keti safu ya pili au ya tatu, katikati ya watu wenye sauti. Mweleze jirani yako mmoja hali yako, ili asishangae ukinyamaza. Wakianza Imani ya Mitume, simama nao. Neno likikwama, liache lipite, usikilize wengine wakilisema. Mkifika "akasulibiwa, akafa, akazikwa", jaribu kuyatamka hayo matatu. Hayakudai uhisi lolote, na kaburi unalijua. Linalofuata, "siku ya tatu akafufuka", kama sauti haitoki, waachie waliosimama kulia na kushoto kwako walitamke kwa ajili yako na ya marehemu mkeo, na Jumapili inayofuata simama tena pale pale.